Roma ya wagonjwa: maswali ninayoulizwa na mahujaji wetu

Mimi ni muuguzi, na Roma ndipo ninapoishi na kufanya kazi. Siku zangu za mapumziko huwa natembea na mahujaji kutoka nyumbani, wa Tanzania na Kenya zaidi, mara nyingine masista wa Kongo wanaosoma hapa. Wengi hufika na ratiba iliyokwisha kupangwa: Basilika ya Mtakatifu Petro, Makumbusho ya Vatikani, Kolosseo, chemchemi ya Trevi, halafu uwanja wa ndege. Ni ratiba nzuri. Ila mimi huwaomba nusu siku ya ziada niwaonyeshe mji huo huo kwa upande wa kitanda cha mgonjwa. Tukiwa njiani wananiuliza maswali, na yamejirudia mno hadi nimeona niyaandike. Yako ya kutalii, yako ya historia ya Kanisa, na yako yale ambayo mtu huniuliza kwa sauti ya chini baada ya wenzake kutangulia: mama yangu yuko kwenye mashine, je, ni dhambi kuizima?

Nina nusu siku tu. Nianzie wapi?

Anzia Castel Sant'Angelo, ile ngome ya mviringo kando ya mto Tiber. Inua macho hadi juu kabisa, utaona malaika wa shaba anarudisha upanga alani. Mapokeo yanasema mwaka 590, tauni ikiwamaliza watu wa Roma, Papa Gregori Mkuu aliongoza maandamano ya toba, akamwona malaika juu ya ngome akiufutika upanga wake, na tauni ikakoma. Jina la ngome limetoka hapo. Kwa miguu, dakika chache tu, uko Santo Spirito in Sassia. Kutoka hapo unaufuata mto kuelekea kusini hadi Kisiwa cha Tiber, nusu saa hivi kwa mwendo wa mama mtu mzima asiye na haraka. Vaa viatu vya kutembelea. Mawe ya barabara za Roma hayana huruma na visigino.

Santo Spirito ni kanisa au ni hospitali?

Vyote viwili, na kabla ya hapo palikuwa nyumba ya wageni. Karne ya 8 mfalme Ine wa Wessex, aliyetoka kwa Wasaksoni wa Uingereza, anasemekana kujenga hapa nyumba ya kupokelea mahujaji wa kwao, na "Sassia" maana yake ni mahali pa Wasaksoni. Mwaka 1198 Papa Inosenti III akaanzisha hospitali hapo na kuikabidhi kwa Guido wa Montpellier na ndugu zake wa Shirika la Roho Mtakatifu. Moto uliiharibu mwaka 1471. Papa Sixtus IV akaijenga upya iwahi Jubilei ya 1475.

Huyo Sixtus ndiye aliyejenga Kikanisa cha Sistina ambacho watu hupanga foleni saa nzima wakione. Wodi yake haina foleni. Ina urefu wa mita 120 hivi, na katikati kuna kuba la pembe nane lenye altare chini yake, ili mgonjwa wa mwanzo na wa mwisho wote waifuate Misa wakiwa kitandani. Haifunguliwi kila siku, kwa hiyo uliza kabla. Hospitali ya kisasa yenye jina hilo hilo iko ubavuni mwake na inapokea wagonjwa hadi leo, kwa hiyo usishangae gari la wagonjwa likikupita ukiwa unapiga picha.

Jambo moja ningependa kila muuguzi wa kwetu alijue. Kanuni ya ndugu hawa iliwataka wawahudumie wagonjwa kama mabwana zao, na katika nadhiri zao walijitoa kwa Mungu na kwa "mabwana wetu wagonjwa". Tena walitakiwa siku moja kila wiki watoke, wapite mitaani na viwanjani wakiwatafuta maskini walioanguka kwa ugonjwa, wawalete ndani. Hawakungoja mgonjwa aje na pesa ya kufungulia faili. Mimi nimefanya kazi, nyumbani na huku, katika wodi ambazo mgonjwa huitwa kwa namba ya kitanda. Nikisimama chini ya kuba hilo huwa naona aibu.

Na kile kidirisha chenye nondo ukutani ni cha nini?

Hapo ndipo kundi hunyamaza. Ukiwa nje, upande wa barabara ya Borgo Santo Spirito, kuna tundu ukutani limezibwa kwa wavu wa chuma. Nyuma yake ndipo ilipokuwa *ruota*, gurudumu la watoto. Lilikuwa kama pipa la mbao lililolala ndani ya ukuta na kuzunguka kwenye mhimili. Mama alikuja usiku, akamlaza mtoto ndani ya pipa, akaligeuza, akaondoka. Upande wa pili mtu alimpokea mtoto. Hakuna aliyemwona mama, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Simulizi la kuanzishwa kwa hospitali, lililochorwa ndani juu ya kuta za wodi, linaeleza sababu: wavuvi wa Tiber walikuwa wakivuta nyavu na kukuta vichanga vilivyotupwa mtoni. Picha inawaonyesha wakimpelekea Papa kile walichovua. Watoto waliopokelewa walitiwa alama ya shirika mguuni, msalaba wenye mikono miwili, na wengi walipewa jina la ukoo linalotokana na neno la Kilatini la "waliotupwa". Fungua orodha ya majina ya Warumi leo, utawakuta akina Proietti. Ni wajukuu wa gurudumu hilo na mengine kama hilo.

Je, lilikuwa jambo jema? Wenye kulipinga walisema linarahisisha kutupa mtoto, na ni kweli vichanga vingi vilifia ndani kwa kukosa maziwa, maana wanyonyeshaji hawakutosha. Mimi sioni haki kuwahukumu ndugu wale, kwani walikuwa wakichagua kati ya pipa na mto. Lakini namfikiria pia msichana aliyekuwa nje gizani, ambaye mji mzima ulikuwa umepanga namna ya kumpokea mtoto wake pasipo mtu hata mmoja kumuuliza yeye ameumizwa na nani. Siku moja mama mmoja mtu mzima katika kundi langu aliweka kiganja kwenye wavu ule, akakaa hivyo muda. Tulipoondoka akaniambia tu, "Kwetu wanawekwa mlangoni kwa masista."

Siku hizi sheria ya Italia inamruhusu mwanamke kujifungulia hospitali bila jina lake kuandikwa, na mtoto akatafutiwa wazazi. Mama anahudumiwa kama mzazi mwingine yeyote. Hilo naliona ni hatua kubwa kuliko gurudumu, kwa sababu naye ana kitanda.

Tunaweza kusali Rozari ya Huruma hapo?

Ndiyo, na wengi wa kwetu huja kwa ajili hiyo hasa. Kanisa la Santo Spirito ndilo kituo cha ibada ya Huruma ya Mungu mjini Roma, na Papa Yohane Paulo II alilitembelea Aprili 1995. Fika kabla ya saa tisa alasiri. Mtasikia sala kwa Kiitaliano, lakini hakuna anayewakataza kusali kwa Kiswahili kwa sauti ya chini kwenye viti vya nyuma.

Ni kweli siri ya malaria iligunduliwa katika hospitali hii?

Sehemu yake kubwa, ndiyo. Neno lenyewe ni la Kiitaliano: *mal'aria*, hewa mbaya. Roma ilizungukwa na vinamasi, na homa iliua wakulima, mahujaji na makardinali bila kuchagua. Kwenye uchaguzi wa Papa wa mwaka 1623 makardinali waliugua na baadhi wakafa. Dawa ya kwanza ya maana ililetwa na Wajesuiti kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 17, gamba la mti wa sinkona, ambalo ndilo mama wa kwinini. Kardinali Juan de Lugo, naye Mjesuiti, aliipigia debe hapa Roma na kuwapa maskini. Watu wakaiita unga wa Wajesuiti. Wako Waprotestanti wa Ulaya waliokataa kuumeza kwa sababu ya jina hilo tu.

Baadaye Giovanni Maria Lancisi, daktari wa Mapapa, aliandika mwaka 1717 kuhusu vinamasi na homa. Maktaba yake iko ndani ya jengo la Santo Spirito hadi leo. Kisha mwaka 1897 Ronald Ross, daktari Mwingereza, akiwa India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mwaka uliofuata, wanasayansi Waitaliano Grassi, Bignami na Bastianelli wakathibitisha hapa Santo Spirito kwamba mbu aina ya anofelesi ndiye anayempa binadamu malaria. Tuzo ya Nobel ya 1902 alipewa Ross peke yake, na Waitaliano hawajasahau.

Swali ninalotaka mniulize, na huwa hamniulizi, ni hili: walithibitishaje? Walimchukua mgonjwa aliyelazwa hospitalini miaka mingi kwa maradhi mengine, ambaye hakuwa na malaria. Wakamlaza kwenye chumba walichofungulia mbu. Homa ikampanda, wakaona vijidudu kwenye damu yake, wakamtibu kwa kwinini. Inasemwa alikubali mwenyewe. Nami ninaamini alisema ndiyo. Ila nimekaa na wagonjwa wa muda mrefu, wale ambao chakula, shuka na dirisha la kutazama nje vyote vinatoka mkononi mwa hospitali. Ukimwendea mtu kama huyo ukiwa umevaa koti jeupe ukamwomba kitu, "ndiyo" yake unaipimaje?

Leo utafiti wa namna hiyo hauanzi mpaka kamati ya maadili iulize: mgonjwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa? Anaweza kukataa na bado akatibiwa vile vile? Masharti hayo yaliandikwa Nuremberg mwaka 1947 baada ya unyama wa madaktari wa Kinazi, na kuimarishwa na madaktari wa dunia kwa Azimio la Helsinki mwaka 1964. Katikati ya hapo, Septemba 1952, Papa Pio XII aliwaambia wanasayansi waziwazi kwamba faida ya sayansi peke yake haimpi daktari ruhusa juu ya mwili wa mtu, na kwamba daktari ana mamlaka yale tu ambayo mgonjwa amempa. Ukiletewa fomu ya utafiti wa chanjo ya malaria kijijini kwako, unayo haki ya kusomewa yote mpaka mwisho na ya kusema hapana.

Italia yenyewe ilitangazwa kuwa haina malaria mwaka 1970. Huwa naitaja kwa makusudi, maana watu wetu wameshazoea kuiona homa hii kama sehemu ya maisha ya Mwafrika.

Kanisa si ndilo lililokataza kupasua maiti?

Hapana. Watu huchanganya na amri ya Papa Bonifasi VIII ya mwaka 1299, iliyokataza kuchemsha miili ya waliofia mbali ili mifupa isafirishwe kwao. Papa Sixtus IV aliruhusu chuo kikuu cha Tübingen kutumia miili ya walionyongwa kufundishia. Leonardo da Vinci naye alichunguza maiti hapa Roma, na akaandika kwa uchungu kwamba fundi mmoja wa Kijerumani alimchongea kwa Papa na hospitalini hadi akazuiwa. Ilikuwa fitina ya kazini, kama tunavyozijua.

Mtakatifu Kamilo ni yupi, na kwa nini wauguzi wanamng'ang'ania?

Kamilo de Lellis, aliyezaliwa 1550, alikuwa askari na mcheza kamari aliyepoteza kila kitu mpaka shati. Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Kidonda hicho kilimleta hospitali ya San Giacomo hapa Roma, kwanza kama mgonjwa, kisha kama mhudumu. Akaona jinsi wagonjwa walivyohudumiwa na watu waliojali mshahara tu, akakusanya wenzake wa kufanya kazi hiyo kwa upendo. Papa Sixtus V aliwakubali mwaka 1586 na kuwapa msalaba mwekundu kifuani, karibu karne tatu kabla ya Shirika la Msalaba Mwekundu kuwepo.

Alifanya kazi miaka mingi Santo Spirito. Krismasi ya 1598 mto Tiber ulifurika kuliko ilivyowahi kuandikwa, maji yakaingia wodini, na Kamilo akiwa na mguu wake ule mbovu akakesha akiwabeba wagonjwa kuwapandisha juu. Nendeni mkasali kwenye kaburi lake katika kanisa la Santa Maria Maddalena, hatua chache kutoka Panteoni, lile hekalu la kale la Warumi. Watalii wote wamejaa Panteoni, kwake utakuta watu watano. Anakumbukwa kwa kuwahimiza ndugu zake waweke moyo zaidi mikononi wanapomgusa mgonjwa. Wafuasi wake wako kwetu pia. Ukifika Karungu, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, hospitali ya misheni ina jina lake.

Huko Kisiwani kuna nini hasa?

Kisiwa cha Tiber kina umbo la merikebu, na wagonjwa wamekuwa wakiletwa hapo tangu kabla ya Kristo. Mwanzoni mwa karne ya 3 KK Warumi walimjengea Eskulapio, mungu wao wa tiba, hekalu hapa baada ya tauni. Juu yake sasa liko kanisa la Mtakatifu Bartolomayo, lililojengwa na Kaisari Otto III mwishoni mwa karne ya 10. Mbele ya altare, kwenye ngazi, kuna kisima cha marumaru chenye sura zilizochongwa. Inaaminika ni kisima kile kile cha hekalu. Kanisa hilo ni ukumbusho wa mashahidi wa imani wa karne ya 20 na 21, kwa hiyo tembea kwenye altare za pembeni taratibu. Daraja la Fabricio, unaloingilia, limejengwa mwaka 62 KK na watu bado wanapita juu yake.

Ng'ambo ya kanisa ni hospitali ambayo Mabruda wa Mtakatifu Yohane wa Mungu waliianza karne ya 16. Watu wa Roma wanaiita Fatebenefratelli, "tendeni mema, ndugu".

Ni hapo ndipo madaktari walipobuni ugonjwa wa uongo?

Ndipo hapo. Ukisimama darajani, upande wa pili wa maji unaona mtaa wa Wayahudi, hauzidi mwendo wa dakika mbili. Alfajiri ya Oktoba 16, 1943 askari wa Kijerumani waliuzingira wakakamata familia nzima nzima. Zaidi ya watu 1,000 walisafirishwa Auschwitz. Waliorudi ni 16.

Waliowahi kukimbia, baadhi walivuka daraja hili. Daktari mkuu Giovanni Borromeo, pamoja na Vittorio Sacerdoti, daktari kijana aliyekuwa Myahudi mwenyewe, Adriano Ossicini na mkuu wa mabruda Maurizio Bialek, waliwalaza wodini na kuandika kwenye faili: *Morbo di K*, ugonjwa wa K. Hakuna ugonjwa huo. K ilikuwa ni ya Kesselring au Kappler, makamanda wa Kijerumani. Askari walipokuja kupekua, wakaambiwa ni maradhi ya kuambukiza, mabaya sana, na watoto wakafundishwa kukohoa kwa nguvu. Askari hawakuingia. Borromeo alitambuliwa na Israeli mwaka 2004 kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi.

Halafu huja swali, mara nyingi kutoka kwa kijana wa seminari: lakini si walisema uongo, tena kwenye faili la mgonjwa? Wanateolojia wa Kikatoliki wamelijadili suala la namna hii tangu Mtakatifu Augustino, aliyeshikilia kwamba uongo ni uongo hata ukiokoa maisha. Katekisimu nayo inasema uongo ni kosa, ila inasema pia kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Mimi najibu kama muuguzi. Faili la mgonjwa lipo kwa ajili ya mgonjwa. Siku ile mtu aliyelifungua hakuwa anatafuta kumtibu aliyeandikwa ndani. Ningeandika K na mimi, kwa mwandiko mzuri.

Tumeona picha ya watakatifu wakimwekea mzungu mguu wa mtu mweusi. Hiyo ni nini?

Swali hili huulizwa na kila kundi, na nashukuru kwamba halikwepwi. Ni hadithi ya Kosma na Damiani, madaktari wawili waliotibu bila malipo wakafa mashahidi. Kanisa lao liko kando ya Baraza la Kale la Kirumi, na mozaiki ya Papa Felisi IV ya karne ya 6, Kristo akishuka juu ya mawingu mekundu, inatosha kukutoa hotelini. Masimulizi ya Zama za Kati yanasema mhudumu wa kanisa hilo hilo alikuwa na mguu uliooza. Usiku watakatifu wakamjia ndotoni, wakaenda kufukua kaburi la Mwethiopia aliyezikwa siku hiyo, wakachukua mguu wake wakamwekea mgonjwa, na ule uliooza wakampelekea maiti. Mhudumu aliamka mzima, mguu mmoja mweusi.

Madaktari wa upandikizaji wanawaheshimu watakatifu hawa kama wasimamizi wao. Sawa. Ila yule Mwethiopia hakuulizwa, wala ndugu zake. Na katika sanamu moja ya karne ya 16 iliyoko Valladolid, Hispania, hayumo kaburini tena: yuko hai, amelala sakafuni, mguu umekatwa, anajinyonganyonga kwa maumivu huku mgonjwa akihudumiwa juu yake. Fundi aliyeichonga hakuona tatizo. Sisi tunaliona papo hapo.

Basi Kanisa linaruhusu kutoa figo?

Linaruhusu, na linasifu. Agosti 29, 2000, hapa Roma, Papa Yohane Paulo II aliwaambia wataalamu wa upandikizaji kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo pale tu mtoaji anapokubali kwa hiari na kujua anachofanya, na kwamba viungo vya binadamu haviuzwi. Ukiwa hai, unaruhusiwa kutoa figo moja kwa ndugu yako ikiwa haihatarishi uhai wako kupita kiasi. Huko kwetu Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, kwa hiyo swali hili limeshafika sebuleni. Ninachoomba familia zikumbuke: kikao cha ukoo kinachomwelekeza kijana mmoja, "wewe ndiye huna watoto, utatoa", hicho si hiari. Mtu aulizwe peke yake, mbali na wajomba.

Mzazi wangu yuko chumba cha mahututi. Je, ni dhambi kuzima mashine?

Pole. Nitajibu kwa utulivu, maana najua unaulizia nini.

Kanisa linafundisha kwamba kumuua mgonjwa, hata kwa huruma, hairuhusiwi. Kanisa halifundishi kwamba mtu lazima acheleweshewe kifo kwa kila mtambo uliopo duniani. Novemba 1957, madaktari wa nusukaputi walimletea Papa Pio XII swali lako, mashine za kupumulia zikiwa ngeni. Akajibu kwamba tunawajibika kutumia njia za kawaida za kutunza uhai, na hatulazimiki kutumia zile zisizo za kawaida, zenye mzigo mkubwa kwa mgonjwa au kwa familia. Akaongeza kwamba daktari hana haki juu ya mgonjwa ila ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Februari mwaka huo huo alikuwa ameshasema dawa ya kutuliza maumivu inaruhusiwa hata kama inaweza kufupisha maisha, mradi lengo ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Kwa hiyo mofini kwa mgonjwa wa saratani si dhambi. Nalisema hili kwa nguvu, kwa sababu nimeona watu wakiachwa walie usiku kucha kwa hofu ya dawa hiyo.

Chakula, maji, kugeuzwa kitandani, kuoshwa, kushikwa mkono: hivi haviachwi maadamu mwili bado unavipokea.

Mfano uko hapa mjini. Papa Yohane Paulo II alilazwa hospitali ya Gemelli mara nyingi tangu alipopigwa risasi mwaka 1981. Mwisho wa Machi 2005 hali ilipobadilika hakurudishwa hospitali. Alibaki chumbani kwake Vatikani, akatunzwa huko, akafa Aprili 2. Hakuna aliyesema alijiua.

Ninachokushauri ni hiki. Waulize madaktari: mashine hii inampeleka kwenye kupona, au inashikilia tu? Kama mzee alishasema anavyotaka, sema mbele ya ndugu wote. Mwite padri kwa Mpako wa Wagonjwa mapema, akiwa bado anaweza kusema amina. Na usikubali mtu mmoja, hasa yule binti anayelala hospitalini, aachiwe uamuzi peke yake halafu alaumiwe na waliokuwa wakipiga simu.

Wapo Waafrika wa zamani waliopita Roma?

Wapo. Nendeni Santa Maria Maggiore, tunayoiita Bikira Maria Mkuu. Wengi siku hizi huenda kwa ajili ya kaburi la Papa Fransisko, lenye neno moja tu, *Franciscus*. Alichagua kuzikwa karibu na picha ya Bikira Maria aliyokuwa akiiendea kabla na baada ya kila safari, *Salus Populi Romani*. *Salus* kwa Kilatini ni afya na pia ni wokovu.

Mkishasali, ulizeni sehemu ya ubatizo. Humo kuna sanamu ya kichwa na kifua ya mtu mweusi, marumaru nyeusi, macho wazi. Ni Antonio Emanuele Ne Vunda, balozi wa mfalme Alvaro II wa Kongo, ule ufalme wa upande wa Atlantiki. Aliondoka kwao mwaka 1604, safari ikamchosha njiani kwa miaka, akaingia Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa mahututi. Papa Paulo V alikwenda mwenyewe kumwona kitandani. Akafa mkesha wa Epifania, kabla hajafanya ile sherehe ya kupokelewa iliyomleta.

Na mkiwa na muda, vukeni mto muingie mtaa wa Trastevere, hadi kanisa la San Francesco a Ripa. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipofika Roma alilala hapo, penye nyumba ya wagonjwa na wageni. Kanisa hilo ndilo alilopewa Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati zetu kuwa kardinali. Wahaya niliowapeleka huwa hawataki kuondoka.

Kuingia ni pesa ngapi?

Makanisa yote niliyotaja ni bure. Panteoni ina kiingilio. Funika mabega na magoti. Khanga moja kwenye mkoba inatatua mengi. Maji ya mabomba ya barabarani ni salama, jaza chupa yako.

Nikiugua nikiwa Roma je? Na ndugu yangu asiye na karatasi?

Piga 112, au nenda *pronto soccorso*, idara ya dharura. Ya karibu na Vatikani ni ya Santo Spirito yenyewe. Wataanza na aliye hatarini zaidi, hata kama wewe umewahi kufika, kwa hiyo jiandae kungoja. Njoo na majina ya dawa zako yaliyoandikwa, hasa za presha na sukari.

Ndugu yako asiye na kibali naye aje. Sheria ya Italia ya mwaka 1998 inampa haki ya matibabu ya dharura na ya lazima, na inakataza hospitali kumripoti polisi kwa sababu tu amekuja kutibiwa. Nimewaona wakifika wamechelewa mno, wamevumilia kidonda au ujauzito miezi mingi kwa hofu. Mpeleke wewe mwenyewe kama anaogopa. Muuguzi wa mapokezi atamuuliza, "*Dove le fa male?*", unaumwa wapi? Aonyeshe kwa kidole, inatosha.